Ushuhuda Niliotoa Nikiwa na Dawa Mfukoni

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una kifua kikuu, usianze kugawa ng'ombe. Mimi niliambiwa hivyo katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na kilo arobaini na tisa, na leo naandika haya nikiwa nimeketi kwenye veranda ya nyumba yangu ya mawe karibu na Sosiot, nyumba niliyojenga bila mtu kunisaidia hata msumari. Naandika kwa sababu wagonjwa huja kuniuliza na nimechoka kurudia. Tena kuna jambo moja ambalo huwa sisemi nikiulizwa kwa mdomo, kwa maana wanaouliza huwa na haraka ya kusikia tu kwamba nilipona.

Masomo yangu yaliishia darasa la nne. Nilianza kuchuma majani chai kwenye kampuni nikiwa sijaota ndevu, kikapu mgongoni, mvua juu. Kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na shamba langu mwenyewe la chai, ng'ombe wa gredi, na kisiagi cha dizeli, cha kwanza upande ule wetu. Watu waliosoma mpaka chuo walileta mahindi yao kwangu wakapanga foleni. Sitaji haya ili nisifiwe, nimesifiwa vya kutosha. Nayataja kwa sababu yanaeleza kwa nini nilikohoa miezi mitano bila kwenda hospitali. Nilisema ni vumbi la unga. Nani amewahi kuona mwenye kisiagi asiyekohoa?

Siku moja kwenye kituo cha kuuzia majani, vijana walikuwa wakichezea mizani, wakining'inia kwenye ndoano mmoja mmoja kama magunia. Nami nikashika ndoano. Klerki akasoma, akacheka, akasema, "Mzee, hii ni majani ya asubuhi moja." Halafu akasoma tena, na mara ya pili hakucheka. Suruali nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya sisali ndani ya koti, na nilidhani hakuna aliyejua.

Julai ikafika na baridi yake. Wengine walilala na blanketi mbili wakitetemeka, mimi shuka lilikuwa jasho tupu. Mama Chebet, mke wangu, ndiye aliyefua kitambaa changu cha mkono akaona damu. Hakugombana. Aliamka asubuhi, akafungua mkanda wa kisiagi, akaubeba begani mpaka kwa mama yake, akarudi mikono mitupu. Akaniambia injini itanguruma siku nitakapomletea karatasi ya daktari. Nilimfokea sana. Kisha nikaoga nikaenda, maana bila mkanda sikuwa na kazi nyingine.

Wacha nikwambie juu ya benchi la hospitali. Ni la mbao, limesuguliwa na makalio ya watu mpaka linang'aa. Wanaokohoa hawakai ndani na wenzao, huwekwa nje chini ya ukingo wa bati, na mvua ikija na upepo inawapata miguuni. Mimi niliyezoea kupangiwa foleni nilikaa pale siku tatu, kila asubuhi nikiwa na kikopo cha makohozi kwenye mfuko wa karatasi. Siku ya kwanza nilijificha uso kwa kofia. Siku ya tatu niliivua, kwa sababu kila aliyepita alishanijua. Daktari alisema maneno machache tu. Nitalazwa miezi miwili, sindano kila siku, kisha vidonge nyumbani miezi sita. Nisipokatiza, nitapona. Nikikatiza, nisimletee maneno.

Ndugu zangu walikuja nyumbani kuniaga. Walikaa karibu na mlango na wakakataa chai. Mkubwa wetu alinong'ona kwamba siku hizi kukonda ni kule kukonda kwingine, ukimwi hakuutaja, kisha akaomba kwa sauti, akamwambia Mungu aliyenipiga aondoe mkono wake. Hapo Mama Chebet akatikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akamimina kwenye kikombe changu, akanywa nusu mbele yao wote, akanipa nusu nikamalizia. Nimesikia mahubiri mengi maishani na sijasikia yanayolifikia tendo lile.

Wodini kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, na kilichofuata kilikuwa cha Odhiambo. Alikuwa mtu wa ziwani, mwenye mikono mipana, fundi wa kulisha kuni kwenye boila ya kiwanda cha chai. Ilikuwa si miaka mingi tangu watu wa kwetu na watu wa kwao kupigana na nyumba kuchomwa. Siku ya kwanza tuliangaliana kama majogoo wawili. Siku ya pili tukagundua kwamba hakuna kati yetu anayeweza kutembea mpaka chooni bila kushika ukuta, na ukabila ukatushinda kubeba.

Yeye aliniita Tajiri. Nikijisifu juu ya kisiagi changu alikuwa akigeuza kichwa kwenye mto na kusema, "Endelea, Tajiri, hiyo sauti inanisaidia kulala." Nami nilimwambia kwamba jitu zima linaogopa sindano, na ilikuwa kweli, sista akiingia na trei alijifunika shuka. Sindano zile ni sitini. Ukifika ya ishirini matako yanakuwa magumu kama mpira wa ngozi, unakaa upande mmoja. Masikio yanalia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Mkojo unakuwa mwekundu kama chai ya strungi, usiogope, ni dawa. Ukifika ya thelathini unaanza kusikia njaa, na hiyo njaa ni nzuri kuliko kitu chochote utakachokula. Mama Chebet alikuja kila Jumatano na Jumapili na viazi na maziwa, na alihesabia chakula cha watu wawili, kwa sababu mke wa Odhiambo alikuwa na mtoto mchanga na hangeweza kuja mara nyingi.

Karibu na sindano ya arobaini alikufa mtu wa kitanda cha kule mwisho. Mhubiri mmoja aliyekuwa akitembelea wagonjwa alisimama pale akatangaza kwamba Mungu amemwita mtumishi wake. Sista, mama mtu mzima, alikuwa akikunja shuka la marehemu. Akasema bila kuinua macho kwamba yule mtumishi alitoroka sindano mara mbili, kwamba Mungu alimngoja hapa na sindano, yeye akapanda gari akaenda zake. Mhubiri akajifanya hakusikia.

Odhiambo aliwaza jambo hilo siku nzima. Jioni alikuwa amekaa kitandani na sahani ya maharagwe magotini.

"Tajiri, mzee wangu alipokufa walisema ni Mungu. Mtoto wangu wa kwanza alipokufa kwa surua, Mungu. Sasa huyu. Hata mimi wa boila napewa mapumziko, omera. Huyu Mungu mnamfanyisha shifti zote."

Nikamjibu kwamba kila mtu ana siku yake, imeshapangwa, na yangu bado iko mbali kwa sababu Mungu anajua watu wanaofanya kazi. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikuwa akiniamini katika mambo mengi. Alikuwa haamini wahubiri na haamini madaktari sana, ila mtu aliyeanza na kikapu akaishia na shamba, huyo alimwona kama anajua kitu.

Tulitoka sote katika wiki moja, mvua za vuli zilipokuwa zikianza. Nilikuwa na kilo hamsini na nane na nilitembea kutoka stejini hadi nyumbani kwa miguu ili nionwe. Kila mmoja wetu alipewa vidonge vya mwezi kwenye bahasha ya kaki, na kadi ya kurudi.

Kanisani kwetu mtu akipona hutoa ushuhuda. Unasimama mbele, unashika kipaza sauti, unasema ulivyokuwa na ulivyo. Na ushuhuda una ngazi. Aliyeponywa na hospitali anapigiwa makofi ya kawaida. Aliyeshindikana hospitali akaponywa kwa maombi, huyo ngoma hulia na akina mama huinuka. Nilichinja dume la ng'ombe. Nilialika ndugu zangu waliokataa chai, wateja waliohamisha mahindi yao, klerki wa mizani, na nilimtumia Odhiambo habari kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni, aje na mke wake na wakae mbele.

Nilisimulia vizuri. Nina sauti. Nilisimulia damu, kamba ya sisali, mashuka. Watu walisema amina pale panapofaa. Kisha pasta akanikaribia, akaweka mkono begani, akauliza mbele ya wote, "Na dawa je, mzee? Bado unategemea dawa?"

Dozi ya siku ile ilikuwa mfukoni mwa koti, imefungwa kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu ibada za kwetu huwa ndefu na sikutaka kupitisha saa. Niliisikia kwa vidole. Kanisa lilikuwa likingoja. Kama ningesema ndiyo, natumia, ningepigiwa yale makofi ya kawaida, mbele ya ndugu zangu, baada ya dume zima.

Nikasema nimezitupa chooni.

Ngoma zikalia. Akina mama wakainuka. Nilimwona Odhiambo amesimama na wengine, mikono yake mipana juu. Baadaye nyumbani kwangu, watu wakiendelea kula, nilienda nyuma ya kisiagi nikameza dozi yangu na maji ya tangi.

Mama Chebet aliniuliza siku ya pili, tukichuma majani kila mtu na mstari wake. Akasema, "Baba Chebet, nimehesabu vidonge kwenye bahasha. Hakuna kilichotupwa."

Nikamwambia ule ni ushuhuda, na ushuhuda lazima uwe na nguvu.

"Basi waambie," akasema, na akaendelea kuchuma.

Sikuwaambia. Nilihamisha bahasha nikaiweka kwenye kopo la grisi lililokwisha, nyuma ya injini, pasta asije akaiona. Huo ndio ulikuwa wasiwasi wangu mkubwa miezi ile.

Kliniki ya mwezi wa kwanza nilimtafuta Odhiambo kwenye benchi sikumwona. Sista aliniuliza, "Yule mwenzako wa boila yuko wapi?" Nikasema labda ni shifti. Mwezi wa pili akauliza tena, nami nikajibu vilevile. Naandika hapa kwamba mwezi wa pili nilijua. Hakuna aliyeniambia, ila nilijua, jinsi unavyojua mkanda unakaribia kukatika kwa kusikiliza tu.

Nilimtembelea Januari, wakati wa jua, majani yamepungua na watu wa laini wanakaa nje. Alikuwa kwenye kiti mlangoni, ana blanketi jua la saa sita. Mke wake, Mama Achieng', aliniletea stuli na uji. Alikuwa amejiunga na kanisa letu na alifunga kila Ijumaa kwa ajili ya mumewe. Nilimwambia Odhiambo arudi hospitali.

"Wewe ulirudi?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa kunipima. Alitaka kujua. Mke wake alikuwa pale na sufuria ya uji, na watu wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kumwombea, wakaniangalia kwa ile heshima ya mtu aliyeponywa. Nikanywa uji. Nikasema kila mtu na njia yake, lakini yeye arudi.

"Nafuata njia yako, Tajiri," akasema. "Wewe ndiye ulinionyesha."

Nilirudi nyumbani nikameza dozi ya jioni.

Mwisho kiwanda chenyewe kilimpeleka hospitali, kwa gari la kampuni, mvua kubwa zilipoanza. Alianzishiwa sindano upya. Alifika ya kumi na moja. Mimi wiki ile nilikuwa nimebakisha vidonge vya siku chache tu na nilikuwa na kilo sitini na saba.

Ibada ya kumuaga ilifanywa kwenye laini, chini ya turubai, kabla gari halijampeleka kwao ziwani. Pasta wetu alihubiri. Alisema Mungu ndiye mwenye shamba, hupita asubuhi katika mistari na kuchuma jani analolitaka, na jani halimuulizi. Watu waliitikia, kwa sababu wote pale walikuwa wachumaji na waliona picha. Mimi nilichuma majani ya kampuni miaka kumi na moja. Jani lililovunjwa na mguu wa mtu aliyepita ovyo shambani, hakuna anayesema limechumwa na mwenyewe. Niliwaza hivyo, na nikakaa na kofia yangu magotini.

Mama Achieng' alikuwa amekaa ukutani mwa nyumba, mbali kidogo na turubai, mtoto amelala mapajani. Aliniita kwa mkono. Nilienda nikachuchumaa.

"Shemeji, nieleze kitu kimoja," akasema. Hakuwa akilia. "Ugonjwa ni ule ule. Mungu ni yule yule. Vitanda vilikuwa karibu namna hii. Wewe akakuponya, huyu akamuua. Baba Achieng' alimkosea nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Kila mtu pale turubaini alikuwa nalo, njia za Mungu hazichunguziki, na lingeniacha salama. Ila niliona atakavyolibeba. Angefika nalo kwao, angezika nalo, angewalea nalo watoto, kwamba baba yao alikuwa na imani ndogo, na kwamba kule juu kuna Mungu aliyemuua mlisha kuni akambakiza mwenye kisiagi.

"Mungu hakumuua," nikasema. "Mimi dawa sikuacha. Siku ile kanisani zilikuwa mfukoni mwa koti."

Aliangalia koti langu. Lilikuwa lile lile, sina makoti mengi ya heshima.

"Zote ulimeza?"

"Zote."

"Na ulipokuja hapa, ukakaa kwenye stuli yangu, ukanywa uji?"

"Nilikuwa nameza bado."

Alimfunika mtoto miguu kwa leso, akaifunua, akaifunika tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Inuka. Rudi pale ukamwondolee Mungu hilo neno. Mimi siwezi kusafiri nalo."

Pasta aliponiona nikija mbele alifurahi. Akawaambia watu mzee aliyeponywa ana neno la kututia nguvu. Nilisimama karibu na jeneza nikasema nilivyosema hapa: bahasha, mfuko, kopo la grisi, uji. Sikupunguza sauti. Hata kukiri nilikiri vizuri, nilisikika mpaka nyumba ya nyapara. Mwanzoni kuna watu walitabasamu wakidhani ninaanza mbali ili nifike kwenye muujiza. Halafu wakaacha. Mtu mmoja wa boila, rafiki yake Odhiambo, alitema mate chini akatoka turubaini. Pasta akaniuliza polepole kama nimeumwa na jua. Nikamwambia sijaumwa. Nikasema sikuacha dawa na ndiyo sababu nasimama, na kwamba Odhiambo aliacha zake kwa kunisikiliza mimi, na anayetaka kumlaumu Mungu kwa kifo hiki aanze kwanza na mimi, nikimaliza kulaumiwa ndipo aende juu.

Mambo mengine ya Mungu na kifo siyajui. Wako waliosoma, waulize. Nimeulizwa pia na wagonjwa kama Mungu aliniponya, na huwa nasema ndiyo, kwa sindano sitini na vidonge vya miezi sita, na kwa mwanamke aliyeficha mkanda. Ukipewa dawa, maliza. Ukitoa ushuhuda, itaje. Wateja wangu hawakurudi wote, na ndugu yangu mkubwa bado anakataa chai, sasa kwa sababu nyingine.

Siku ile nilirudi nikasimama nyuma kabisa, na Mama Chebet akaja akasimama karibu nami. Vijana wakashika jeneza. Ilibaki sala ya mwisho ya kuliondoa. Pasta alifumba macho, akainua mkono kama kawaida yake.

"Ee Mungu Baba," akasema, "umem..."

Akakwama. Tulingoja, macho yamefumbwa. Akaanza tena, "Ee Baba, umependa..." na hilo nalo likamshinda. Nilifumbua macho kidogo nikamwona amesimama mdomo wazi, anatafuta, mkono bado uko juu. Walioshika jeneza walianza kubadilisha mikono kwa uzito.

Mama Achieng' akasema kutoka ukutani, "Sema tu amekufa, pasta."

Akasema hivyo. Akasema Odhiambo amekufa, na akamwomba Mungu awakumbuke watoto wake. Tukasema amina, na wakamwingiza kwenye gari.